Mwaka Baba Alipocheza Gololi

Baba yangu alianza kucheza gololi na watoto wa mtaani mwaka ule kinu cha pamba kiliposimama. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, mtoto wa kwanza na msichana, na kazi yangu kila jioni ilikuwa kwenda kumwita. Watu wakiniuliza ni lipi lilikuwa gumu zaidi katika utoto wangu, huwa nasema njaa ya mwaka wa ukame, kwa sababu njaa kila mtu anaielewa. Ukweli ni kwamba lililonishinda ni ile njia fupi ya kutoka jikoni kwetu hadi uwanja wa nyuma ya maghala, nikienda kumtoa mwanaume mzima kwenye duara la watoto.

Tulikaa Bariadi, wakati huo bado ni wilaya tu ya mkoa wa Shinyanga, kwenye nyumba za wafanyakazi wa chama cha ushirika. Baba alikuwa fundi mitambo. Msimu wa pamba kinu kiliunguruma mchana na usiku, na sisi watoto tulilala vizuri zaidi kikiunguruma kuliko kikinyamaza. Baba akirudi nyumbani alikuwa na nyuzi nyeupe kwenye nyusi na masikioni. Mama alimwambia, "Leo umezeeka," naye akajibu, "Nikioga nitakuwa kijana." Hayo ndiyo yalikuwa maongezi yao ya kila siku, kwa sababu baba hakuwa mtu wa maneno mengi. Sifa yake ilikuwa sikio. Alichukua bisibisi ndefu, akaiweka ncha kwenye mashine inayozunguka na mpini sikioni, akasikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua, kisha akasema beringi ipi imechoka. Wenzake walisema hajawahi kukosea.

Beringi iliyochoka hutolewa na kutupwa, na ukiivunja unakuta ndani gololi za chuma, nzito, zinazong'aa kama jicho la samaki. Baba alimletea mdogo wangu wa kiume. Hizo ndizo gololi za kwanza nilizozifahamu, na kwa miaka kadhaa mtaa wetu wote ulicheza kwa gololi zilizotoka kwenye mfuko wa ovaroli ya baba. Mtoto aliyekuwa na tatu za saizi moja alijiona tajiri.

Yeye mwenyewe hakukulia kwenye chuma. Alizaliwa Lingeka, huko Meatu, na alipokuwa akichunga ng'ombe wa babu walicheza kwa ndulele, yale matunda ya njano machungu yanayoota kwenye maboma ya zamani. Ndulele hupasuka haraka, kwa hiyo walifinyanga vidonge vya udongo mweusi wa mbugani, wakavianika, wakavichoma kwenye moto wa mavi ya ng'ombe. Udongo usiokandwa vizuri ulipasuka motoni. Aliyekuwa na kidonge kilichomaliza msimu mzima bila ufa aliheshimiwa hata na wachungaji wakubwa. Walichimba mashimo matatu yaliyofuatana, na aliyemaliza wa mwisho ndiye aliyekwenda kuwarudisha ng'ombe walioingia shamba la mtu.

"Mlikuwa mnalana?" mdogo wangu alimwuliza siku moja. Kulana ni kucheza kwa kuchukuliana; ukipigwa, gololi yako imekwenda.

"Tulane nini," baba alisema, "na udongo umejaa kila mahali?"

Kulana kulikuja na gololi za kioo. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya soko huria, na maduka ya Bariadi, ambayo nilizoea kuyaona na chumvi, viberiti na rafu tupu, yalijaa vitu ghafla: biskuti za pakiti, redio ndogo, ndala za rangi mbili, sabuni zinazonukia. Gololi za kioo zilining'inizwa kwenye vifuko vya wavu karibu na mlango, na ndani ya kila moja mlikuwa na ua lililojikunja, la bluu au jekundu, ambalo hakuna mtoto aliyeweza kueleza liliingiaje. Sasa gololi ilikuwa kitu cha kununuliwa, na kitu cha kununuliwa kina mwenyewe. Watoto wakaanza kulana mpaka kupigana. Tena wakatunga sheria mpya: chuma marufuku. Gololi ya chuma ikigonga ya kioo inaipasua. Mdogo wangu alibaki na kopo zima la gololi za chuma na hana wa kucheza naye.

Mambo ya pamba yalikwenda vivyo hivyo. Wanunuzi binafsi walikuja na malori na mizani yao, wakalipa mkulima papo hapo, na wakulima waliochoka kusubiri malipo ya ushirika wakawauzia wao. Nani angewalaumu? Baba mkubwa, kaka yake baba wa kule Lingeka, naye aliwauzia. Msimu ule kinu chetu kiliunguruma majuma mawili, kikanyamaza. Pamba tuliiona ikipita mbele ya geti juu ya malori, ikielekea upande wa Maswa. Wafanyakazi waliambiwa wakasubiri nyumbani, wataitwa.

Wengi walikwenda kutafuta mashamba. Baba aliendelea kuamka alfajiri, kuvaa ovaroli yake ya bluu iliyofuliwa na kupigwa pasi, na kwenda kukaa getini. Mlinzi alimpa kigoda. Alikaa hapo mpaka saa tisa, akarudi.

Siku ya kwanza alipocheza nilikuwepo, na nilifurahi. Hilo lazima niliseme. Alikuwa anarudi kutoka getini akipita nyuma ya maghala, na mdogo wangu alikuwa amebakiwa na gololi moja ya kioo. Watoto wengine walikuwa wanamcheka kwa sababu alikuwa anarusha kwa kusukuma kiganja, kama mtoto mchanga. Baba alisimama, akaangalia, kisha akachuchumaa.

"Siyo hivyo," alisema. "Kidole gumba kiweke chini, kikae kama mguu wa meza. Hiki cha kati kivute nyuma. Usiiangalie gololi yako. Angalia unakoipeleka."

Aliirusha. Gololi iliruka juu ya majani, ikagonga ya mwenzake katikati ya duara na kuitoa nje. Watoto walipiga kelele kama wamefunga goli. Baba alicheka. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta na ndoo ya maji, na nilitambua kwamba sijausikia ule mcheko tangu kinu kiliponyamaza. Nilikimbia kwenda kumweleza mama. Mama akasema, "Afadhali," na akaendelea kumenya viazi.

Kesho yake alicheza tena. Keshokutwa tena. Baada ya juma moja hakuwa tena anamchezea mdogo wangu; alikuwa na gololi zake mwenyewe, alizozila, na alipotembea zilisikika mfukoni mwa ovaroli. Alichagua kuanza, alikataa kuanza, alibishana kuhusu mstari. Alicheza mbele ya mdogo wangu na dhidi yake, na siku alipomla gololi zake zote, mdogo wangu alirudi nyumbani analia huku baba anamfuata nyuma akimwambia, "Ulivuta kidole mapema. Nimekueleza mara ngapi?"

Mama alianza kunituma. "Kamwambie baba yako chakula kimeiva." Nilikuwa nakwenda, nasimama pembeni ya duara, nasema, "Baba, mama anakuita." Alijibu bila kuinua kichwa: "Nakuja. Ngoja zamu hii." Zamu ile ilizaa zamu nyingine. Wanawake waliokuwa wanapita na mitungi kutoka kisimani walipunguza mwendo. Mmoja alisema kwa Kisukuma, kwa sauti ya kunisikilizisha, kwamba siku hizi nyumba ile imepata mtoto mwingine. Niliangalia chini. Sikuweza kumvuta mkono baba yangu, sikuweza kumjibu mwanamke wa rika la mama, na sikuweza kurudi jikoni peke yangu. Nilisimama tu, mpaka ugali ukapoa kabisa, mpaka watoto wenyewe walipoitwa na mama zao.

Siku moja kulitokea ugomvi. Mtoto mmoja, rafiki wa mdogo wangu, alikuwa mtoto wa mwenzake baba wa kinuni, aliyekuwa opareta wa mashine ya pili na sasa ni mpakiaji wa malori. Gololi yake iligongwa na baba na ikasimama juu ya mstari wa duara, au karibu na mstari. Mtoto alisema haijatoka. Baba alisema imetoka.

"Haijatoka, mzee. Angalia."

Baba aliingiza mkono kwenye mfuko wa kifuani, akatoa kitu kilichofungwa kwa kitambaa chenye mafuta. Ilikuwa kalipa yake ya kupimia vyuma, ile ambayo nyumbani hatukuruhusiwa hata kuigusa. Alilala kifudifudi kwenye vumbi, akaifungua taratibu, akapima kutoka mstarini hadi kwenye gololi. Watoto walicheka, wakidhani ni utani. Kisha waliona uso wake, wakaacha.

"Milimita mbili," alisema. "Imetoka."

"Basi chukua tu, mzee," mtoto alisema kwa sauti ndogo.

"Sitaki kupewa. Nataka uone mwenyewe. Njoo usome hapa."

Mtoto alipiga magoti, akainama juu ya kile chuma chenye mistari midogo ambayo sidhani kama aliwahi kuiona maishani mwake. Alikaa hivyo muda kidogo kwa adabu. "Nimeona," akasema.

Baba akaichukua gololi. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nilikuwa nimekuja kumwambia chakula kimeiva.

Jioni ile ile, kabla jua halijazama, baba wa yule mtoto alikuja kwetu. Mama alimpa kiti. Alisalimia, akauliza habari za shamba, akazunguka huku na huku kama mtu anayetafuta mlango. Mwishoni akasema, "Fundi, kule ninakopakia wanatafuta mtu wa kushona magunia. Nimekutaja."

"Mimi si mshona magunia," baba alisema.

"Najua. Hata mimi si mpakiaji."

 Baba akasema, polepole, kama anamweleza mtoto jinsi ya kushika gololi: "Kinu kitawaka. Siku wakija wakakuta fundi yuko mbali anashona magunia, watamwita nani?"

Yule mwenzake alimwangalia mama, akaniangalia na mimi. Hakuna aliyemsaidia. Aliomba maji, akanywa, akaaga. Kuhusu gololi ya mwanawe hakusema neno.

Wanawake wa jumuiya ya kanisa walikuja kusali nyumbani kwetu siku yao ya katikati ya juma. Walikaa kwenye mkeka, wakasali rozari, na mmoja akaomba kwa ajili ya baba wa nyumba hii aliyesongwa na mawazo. Baba mwenyewe hakuwepo. Kelele za uwanjani zilitufikia pale pale kwenye mkeka, na kati ya sauti za watoto ilikuwepo moja nzito, inayosema, "Zamu yangu! Zamu yangu!" Mama alikuwa amefumba macho. Niliyaona machozi yakitoka chini ya kope bila kope kufunguka.

Ni hayo machozi yaliyonipa wazo langu.

Baba aliweka gololi alizozila kwenye kopo kubwa la maziwa ya unga, chini ya kitanda. Asubuhi moja mama akiwa kwenye jaruba la mpunga na baba getini, nilijifanya naumwa tumbo nisiende shule. Nilivuta kopo nikalifungua. Nilitegemea kuziona gololi zimejaa wazi wazi. Badala yake nilikuta vifurushi vidogo vya vitambaa vilivyofungwa kwa nyuzi za pamba, vingine vinene, vingine na gololi mbili tu. Nikafikiri: tazama uchoyo wake, anazificha kama bibi anavyoficha sukari. Hilo ndilo lililonitia nguvu. Nilikwenda nalo chooni nikavitupa vifurushi vyote shimoni, kimoja kimoja. Kisha nikarudisha kopo tupu mahali pake, na mfuniko juu.

Nilidhani nimemaliza tatizo. Nilidhani baba asiye na gololi atarudi kuwa baba.

Aliligundua saa kumi, alipotaka kwenda uwanjani. Nilikuwa naosha vyombo nje, nikasikia mfuniko ukianguka chumbani. Alitoka na kopo mkononi, akatuita mimi na mdogo wangu.

"Nani?"

Mdogo wangu alianza kulia kabla hajajua linaloulizwa. Nikasema, "Mimi."

"Ziko wapi?"

"Chooni."

 Niliisubiri fimbo na niliitaka. Kama angenichapa tungekuwa sawa, yeye na mimi, kwa namna ambayo hatukuwahi kuwa tena. Lakini aliketi kwenye kizingiti na kuweka kopo katikati ya miguu.

"Zilikuwa za wenyewe," alisema. "Kila kitambaa na mtoto wake. Siku kinu kikiwaka nilitaka nimwite kila mmoja nimpe zake."

 Mama alikuwa amesimama mlangoni na jembe. Aliliegemeza ukutani.

Kesho yake, Jumamosi, baba alioga, akavaa shati la kwendea kanisani badala ya ovaroli, akaniambia, "Twende."

Tulikwenda nyumba kwa nyumba. Aliwajua watoto wote na walikokaa. Kila tulipofika alibisha hodi, akasalimia wakubwa kwa heshima yote, kisha akaomba kuongea na mtoto. Mtoto aliletwa, pengine ana tope miguuni, pengine anatafuna muwa, na baba alimwambia maneno yale yale: "Gololi zako nilikuwa nimekuwekea. Zimepotea nyumbani kwangu. Naomba unisamehe."

Hakusema zimepoteaje. Hakuniangalia. Nilitaka kusema ni mimi, na kila mlango nilijiambia nitasema mlango ujao. Nyumba ya pili mama mmoja alishindwa kujizuia akacheka, akaingia ndani haraka na khanga mdomoni. Nyumba nyingine mzee wa pale alimwambia baba, "Mwanangu, ingia unywe uji kwanza," kwa upole ule wanaoutumia kwa wagonjwa. Watoto waliona aibu kuliko sisi. "Haina shida, mzee," walisema, mmoja baada ya mwingine. Yule wa kalipa alisema, "Mimi nilishasahau." Kisha akaongeza, "Leo utakuja?"

Baba alimshika kichwani. "Leo nina kazi," akasema.

Hakuwa na kazi. Tulirudi nyumbani, akavua shati, akalikunja, akalala kitandani akiangalia ukuta. Tangu siku ile hakwenda tena uwanjani, wala getini. Nilikuwa nimepata nilichokitaka. Sikuwa tena na mtu wa kwenda kumwita jioni. Alikuwa hapo hapo, hatua tano kutoka jikoni, na tulimpelekea chakula akala nusu. Wanawake wa kisimani waliacha kusema. Mdogo wangu alipita nje ya dirisha lake akigonganisha gololi mbili makusudi, na hakuna kilichotokea. Mama aliniambia mara moja tu, tukiwa shambani, bila hasira: "Afadhali ungeacha acheze."

Mvua za kwanza zilipokaribia, baba mkubwa alikuja kutoka Lingeka. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti nene, ng'ombe wengi na imani ya zamani, na alipoingia uani alinisalimia, "Mwadila, mayu," kama vile nami ni mama wa mji. Alikaa na mdogo wake chumbani kutwa nzima. Alipotoka alimwambia mama kwamba hii siyo shida ya ajira, hii ni mizimu. Marehemu baba yao ana kinyongo kwa sababu mtoto wake alikimbilia mashine akaacha zizi. Atamchukua, watafanya matambiko, kisha atalima pamba kama watu wengine.

"Shemeji, sisi ni Wakristo," mama alisema.

"Sawa. Na Ukristo umemfanyaje mpaka sasa?"

 Mama alifunga nguo za baba kwenye mfuko wa nailoni, na juu kabisa akaweka rozari. Baba aliondoka kama kifurushi kinachobebwa. Hakukubali, hakukataa. Niliwasindikiza hadi kwenye lori la mizigo, na alipopanda nilimwambia, "Baba, nisamehe." Injini ilikuwa imeshawashwa. Alitega sikio, lakini sidhani kama alikuwa ananisikiliza mimi. "Hii pampu ya maji inakaribia kufa," alimwambia dereva.

Alikaa Lingeka msimu mzima. Matambiko yalifanywa, sijui yalikuwaje, na hakuwahi kusema. Alilima. Baba mkubwa alituletea habari kwamba anachunga vizuri lakini hasemi, na kwamba watoto wa huko wanamwogopa. Mama alipeleka salamu, michembe ya viazi vikavu na dawa za malaria kwa kila aliyekuwa anakwenda upande huo. Mimi niliandika barua tatu. Hakuna iliyojibiwa.

Aliporudi, alikuwa mwembamba na mweusi wa jua, na mikono yake ilikuwa imeota sugu mahali pasipo pa fundi. Alirudi kwa sababu ujumbe ulimfikia kwamba kinu kinamhitaji. Ndivyo alivyoambiwa, kinu kinamhitaji. Alitembea kutoka barabara kuu hadi nyumbani karibu anakimbia. Mama alitoa ovaroli sandukuni, na mimi niliipiga pasi kwa makaa, nikikunja mistari ya mikono jinsi alivyopenda.

Ikaja kujulikana kwamba mashine zimeuzwa kama vyuma, na aliyenunua alihitaji mtu anayejua zilivyofungwa ili zifunguliwe bila kupoteza muda.

Aliifanya kazi ile siku nne. Siku ya tatu mama alinituma kumpelekea chakula, na ndiyo siku pekee nilipoingia ndani ya kinu maisha yangu yote. Palikuwa pakubwa kama kanisa, na mwanga uliingia kupitia matundu ya bati. Vijana sita wasiojua kitu walikuwa wamemzunguka na spana. "Usianze na hiyo," aliwaambia. "Ukianza na hiyo mzigo wote utakuangukia. Legeza hii kwanza, nusu tu. Sasa ya pili, nusu. Taratibu. Huyu hapendi papara." Alizungumza kwa saa nzima. Sijawahi kumsikia akizungumza kwa urefu ule, wala kabla wala baadaye. Alipaka grisi kwenye skrubu alizozitoa na kuzipanga kwenye kitambaa kwa saizi, kana kwamba kuna mtu atazirudisha. Kijana mmoja alizizoa zote kwa mkono mmoja akazitupa kwenye gunia la vyuma.

Baba aliliangalia gunia. Kisha akageukia boliti iliyofuata.

Nilisimama na chakula mpaka mikono ikauma. Nilitaka kumwambia aache, atoke, awaache wabomoe wenyewe, mashine iwaangukie. Lakini alikuwa anafanya kazi yake, na aliifanya vizuri, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi iliyokuwepo.

Baada ya hapo maisha yaliendelea kama yanavyoendelea. Tulihama nyumba za ushirika. Mama aliuza maandazi na mpunga, nasi tukasoma kwa hayo. Baba alipata vibarua vya mashine za kusaga, huku na huko, hadi Binza kule Maswa, na watu walisema ni fundi mzuri asiye na maneno. Aliishi miaka mingi. Nilipopata kazi na nyumba yangu nilimchukua akae nami mara mbili, na mara mbili aliomba arudi. Nilijaribu kuzungumza naye kuhusu mwaka ule. Alisema, "Mambo ya zamani," akauliza kama mvua imenyesha upande wa Meatu.

Mdogo wangu anaishi Mwanza. Mwaka jana nilimpigia simu na kumwambia nataka kuyaandika haya, na kwamba naogopa kumwaibisha marehemu.

"Kumwaibisha na nini?" akauliza.

"Si unajua. Ule mwaka. Mzee mzima kwenye vumbi na watoto."



"Dada," akasema, "mimi ule ndio mwaka pekee nilioshinda na baba."

 Nikamwambia salio langu linaisha, nikakata simu.